Faili la ofisi likikukatalia kwenye NAS: tafuta kwanza geti lililofungwa

Simu za namna hii huja asubuhi, kabla chai haijapoa. Mwezi wa saba, msimu wa wageni umepamba moto, dada wa uhifadhi wa safari katika ofisi moja ya Njiro ananipigia: "Kaka, faili la wageni wa kesho limekataa. Jana nimelifungua vizuri tu, leo linaniambia sina ruhusa." Gari linaondoka Arusha kesho yake saa kumi na mbili alfajiri kuelekea Serengeti, na majina na namba za pasipoti za wageni zimo ndani ya faili hilo.

Ukiwa fundi, au ukiwa ndiye yule mtu wa ofisi anayeitwa kila kompyuta inapogoma, mkono unakuwasha ufanye jambo la haraka: kufungua ruhusa zote kwa watu wote. Nililifanya hilo miaka yangu ya mwanzo, katika ofisi nyingine, nikasifiwa kwa wepesi. Baada ya wiki mbili orodha ya mishahara ilikuwa imesomwa na ofisi nzima, na watu wawili waliokuwa wakila meza moja walikuwa hawasemeshani. Lile kosa lilikuwa langu na bado linaniuma. Ndiyo maana naandika hatua hizi kwa urefu.

Ninaposema NAS nina maana ya kile kisanduku chenye diski mbili au nne ndani, kilichochomekwa kwenye swichi au rauta, ambacho ofisi nzima inahifadhia kazi zake. Inaweza kuwa Synology au QNAP, au kompyuta ya zamani iliyowekewa Linux na Samba, programu inayoiwezesha Linux kushirikisha mafaili na kompyuta za Windows. Menyu zinatofautiana, mantiki ni ile ile.

Mantiki yenyewe ni ya magetini. Ukienda kumtembelea mtu Sakina, unakutana na mlinzi getini anayetaka kujua wewe ni nani. Ukipita hapo kuna mlango wa nyumba. Ukiingia, kuna chumba chenye kufuli lake. Ufunguo wa chumba haukusaidii kitu kama mlinzi amekukatalia, na mlinzi akikufungulia hajakufungulia chumba. NAS nayo ina mageti matatu: jina unalojulikana nalo, ruhusa ya folda kuu inayoshirikishwa, na ruhusa ya folda ndogo au faili lenyewe. Faili likikataa, mara nyingi ni geti moja tu lililofungwa. Kazi yako ni kulijua ni lipi kabla hujagusa chochote.

Kabla ya kuanza

Uwe na jina na nenosiri la msimamizi wa NAS, na akaunti moja ya mtumiaji wa kawaida kwa ajili ya majaribio. Hakikisha kuna nakala ya akiba ya jana au juzi iliyo nje ya NAS hiyo. Kisha piga picha kwa simu kila ukurasa wa ruhusa kabla ya kuubadilisha. Picha hizo zimeniokoa zaidi ya mara moja, kwa sababu ruhusa zikishafutwa hakuna kitufe cha kuzirudisha.

Hatua ya 1: Soma ujumbe wenyewe, neno kwa neno

Mtu akikwambia "limekataa", mwombe akutumie picha ya kioo. Kuna kukataa kwa aina nyingi.

"Access is denied" au "You need permission to perform this action" ni suala la ruhusa, endelea na mwongozo huu. "The network path was not found" si ruhusa kabisa: waya umechomoka, Wi-Fi imehama, au anwani ya NAS imebadilika baada ya rauta kuzimwa na kuwashwa. Ukiona "locked for editing", kuna mwenzako amelifungua faili kwenye kompyuta yake, au alilifungua umeme ukakatika, likabaki faili dogo lililofichwa ambalo jina lake linaanza na alama ~$. Hakikisha kwanza hakuna aliyelifungua, ndipo ulifute hilo dogo. Na ukiambiwa "There is not enough space", basi nafasi imeisha au mtumiaji amefika kwenye kikomo chake.

Nimewahi kusafiri hadi Moshi kwa ajili ya "ruhusa" iliyokuwa waya uliong'atwa na panya. Picha ya kioo ingenibakiza nyumbani.

Hatua ya 2: Jaribio la dakika tatu

Kaa kwenye kompyuta iliyokataliwa, ingia kwenye folda yenye tatizo, na ufanye mambo manne kwa mfuatano: tengeneza faili jipya la maandishi uliite jaribu.txt, liandike neno moja na ulihifadhi, libadilishe jina, kisha ulifute. Andika pembeni lipi limekubali na lipi limegoma.

Usipoweza hata kuiona folda, angalia geti la kwanza au la pili, maana NAS nyingi zinaweza kupangwa zimfiche mtu folda asizoruhusiwa. Ukiiona lakini huwezi kuingia, huenda ni geti la tatu. Ukiweza kusoma tu, kuna mahali umepewa kusoma bila kuandika.

Hali inayowachanganya wengi ni hii: faili la Excel linafunguka, linaharirika, lakini linagoma kuhifadhi, na kwenye folda yanaanza kujazana mafaili yenye majina ya ajabu ajabu yanayoishia na .tmp. Sababu ni namna Excel na Word zinavyohifadhi kazi. Haziandiki juu ya faili la zamani. Zinaandika faili jipya la muda ndani ya folda hiyo hiyo, kisha zinabadilishana majina na kulifuta lile la zamani. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na ruhusa kamili ya kuandika ndani ya faili na bado akashindwa kulihifadhi, kwa sababu kwenye folda amenyimwa kuunda au kufuta. Ofisi nyingi huondoa ruhusa ya kufuta kwa nia njema, ili mtu asifute kazi za wenzake, kisha wanashangaa kwa nini hakuna anayeweza kuhifadhi. Kama hofu yenu ni ufutaji, washeni pipa la taka la NAS na mpange nakala za akiba. Ruhusa ya kufuta irudisheni.

Baada ya hapo rudia jaribio kwa kubadilishana. Mtu yule yule kwenye kompyuta nyingine: ikikubali, kasoro iko kwenye kompyuta ya kwanza. Mtu mwingine kwenye kompyuta ile ile, akiwa ameingia kwa akaunti yake mwenyewe: ikikubali, kasoro iko kwenye akaunti ya yule wa kwanza. Ikigoma kwa wote na kila mahali, kasoro iko kwenye folda au kwenye NAS yenyewe. Maswali haya mawili yanapunguza kazi kwa zaidi ya nusu.

Hatua ya 3: Geti la kwanza, NAS inakujua kwa jina gani?

Hapa ndipo nakuta matatizo mengi kuliko kwingine, na ndipo watu wanapoangalia mwisho. Mtu ameingia kwenye Windows kwa jina lake, anaamini NAS nayo inamjua kwa jina hilo. Si lazima. Windows hukumbuka jina na nenosiri lililowahi kutumika kuingia kwenye NAS, na itaendelea kulitumia kimya kimya hata kama mwenye jina alishaacha kazi.

Kompyuta ya mapokezi ndiyo mfano wangu wa kila siku. Aliyekuwepo zamani aliweka tiki kwenye kisanduku cha kukumbuka nenosiri. Akaondoka, akaja dada mwingine, akapewa akaunti mpya kwenye NAS, lakini kompyuta inaendelea kugonga geti kwa jina la yule wa zamani. Msimamizi akifunga akaunti ya zamani, dada mpya anakataliwa, na kila mtu anaanza kuchokonoa ruhusa za folda ambazo hazina kosa lolote.

Fungua dirisha la amri (Command Prompt) kwenye Windows uandike:

net use

Utaona folda za mtandao zilizounganishwa. Kisha:

cmdkey /list

Hapo yataorodheshwa majina yaliyohifadhiwa. Ukiliona la NAS likiwa na mtumiaji asiye sahihi, mwambie mwenye kompyuta afunge mafaili yake yote, kisha ondoa miunganisho na kumbukumbu hiyo:

net use * /delete
cmdkey /delete:192.168.1.20

Badala ya namba hiyo weka anwani au jina la NAS kama lilivyoonekana kwenye orodha. Toka kwenye Windows, ingia tena, fungua folda, na safari hii andika jina sahihi.

Jambo jingine la hapa hapa: Windows haikubali mtu mmoja kuingia kwenye seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Kama folda ya Picha imeunganishwa kwa jina moja na sasa unataka kufungua ya Uhasibu kwa jina lingine, utapata ujumbe unaoanza "Multiple connections to a server or shared resource by the same user". Kata muunganisho wa kwanza ndipo ufungue wa pili. Kwa kupima tu, unaweza kuifungua NAS kwa namba ya anwani badala ya jina lake, kwa sababu Windows huona hizo ni seva mbili tofauti. Usiuache mpango huo uwe wa kudumu, utamchanganya atakayekuja baada yako.

Njia nzuri ya kuthibitisha ni kuangalia upande wa pili. Ingia kwenye ukurasa wa usimamizi wa NAS, tafuta orodha ya walioungana sasa hivi. Kwenye Samba ya kujitengenezea, amri ni sudo smbstatus. Jina utakaloliona hapo ndilo NAS inalolijua. Kama umedhani ni mhasibu na hapo pameandikwa guest, umeshapata jibu.

Na kama umemwongeza mtu kwenye kundi jipya dakika tano zilizopita, usishangae hajapata chochote. Uanachama wa kundi husomwa wakati wa kuingia. Akate muunganisho aingie upya.

Kuhusu guest, yaani kuingia bila nenosiri: ofisi nyingi ndogo ziliishi hivyo kwa miaka. Windows 11 toleo la 24H2, lililotoka 2024, imebana njia hiyo, hivyo ofisi inanunua laptopu mpya na laptopu hiyo peke yake ndiyo inayokataliwa huku za zamani zikiendelea kuingia. Mtandaoni utakuta ushauri wa kuzima kinga hizo ili mambo yaende. Usiufuate. Mpe kila mtu akaunti na nenosiri lake. Hali kadhalika usiwashe SMB ya kwanza (SMB ni lugha ambayo Windows na NAS huzungumza wakishirikishana mafaili), ile ya zamani kabisa, kwa ajili ya NAS iliyozeeka. Virusi vya WannaCry vilivyozifunga kompyuta duniani kote Mei 2017 vilipenya kwa udhaifu wa SMB hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Geti la pili, folda kuu

Kwenye NAS ingia kwenye orodha ya folda zinazoshirikishwa, chagua folda husika, fungua sehemu ya ruhusa. Utaona watumiaji na makundi, na mbele yao machaguo matatu: kutoruhusiwa, kusoma tu, kusoma na kuandika.

Kanuni ya Synology na QNAP ni moja: kukatazwa kunashinda vyote, kisha kusoma na kuandika, na kusoma tu ndiko dhaifu kuliko yote. Mtu aliye kwenye makundi mawili, moja limempa kuandika na jingine limemkataza, amekatazwa. Niliwahi kumtafutia kijana mmoja kosa lake asubuhi nzima. Alianza pale ofisini kama mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, akawekwa kwenye kundi lililokatazwa folda ya mikataba. Akaajiriwa, akaongezwa kwenye kundi la wafanyakazi, na hakuna aliyekumbuka kumtoa kwenye lile la kwanza.

Kwa hiyo usiweke tiki ya kukataza bila sababu nzito. Ukitaka mtu asiingie, usimpe tu. Kutompa na kumkataza ni mambo mawili tofauti: asiyepewa anaweza kupewa kesho kupitia kundi, aliyekatazwa atabaki nje hadi mtu aikumbuke tiki ile.

Hatua ya 5: Geti la tatu, faili lenyewe

Sasa nirudi kwa dada wa Njiro. Jina lake mbele ya NAS lilikuwa sahihi. Folda kuu ya Ofisi ilimruhusu kuandika, na mafaili mengine yote ya folda ya Safari yalifunguka. Lililokataa ni moja tu.

Nilibofya faili hilo kwa kitufe cha kulia, nikaenda Properties, kisha kichupo cha Security. Mafaili jirani yalikuwa na kundi la Safari kwenye orodha. Hili lilikuwa na kundi la Uhasibu peke yake. Nikamuuliza mhasibu kwa upole, "Mama, hili faili jana ulilishika?" Akasema ndiyo, alilihamishia kwenye folda yake ili apige hesabu ya malipo ya hifadhi, akabofya kitufe kinachorithisha ruhusa za folda yake kwa kila kilichomo, kama alivyoelekezwa zamani na fundi mwingine, na jioni akalirudisha.

Hilo ndilo lililotokea. Faili likihamishwa kwa kukata na kubandika ndani ya folda kuu ile ile, kwa kawaida halisogei kwenye diski. Linabadilishwa njia tu, na ruhusa zake linakwenda nazo, kama mtu anayehama nyumba na kufuli lake. Likinakiliwa, linazaliwa faili jipya, na faili jipya hurithi ruhusa za folda lilimozaliwa. Kwa hiyo dawa ya haraka, kama ni faili moja au mawili, ni mtu mwenye uwezo wa kulisoma alinakili ndani ya folda sahihi, ahakikishe nakala inafunguka, kisha afute la zamani. Ilituchukua dakika chache, na dada akachapa orodha yake.

Kama mafaili ni mengi, rekebisha urithi kuanzia juu. Kwenye folda mama ingia Security, kisha Advanced. Hakikisha orodha ya folda yenyewe ni sahihi, ndipo uweke tiki kwenye mstari unaoanza na maneno "Replace all child object permission entries". Tiki hiyo inafuta ruhusa za pekee za kila kilichomo ndani na kuzibadilisha na za folda mama. Ndani kukiwa na folda ndogo ya siri, siri yake imekwisha. Pitia folda ndogo moja moja kwanza. Mimi huwa naziandika kwenye karatasi, nikiwa nimekaa na mwenye ofisi.

Kwenye dirisha hilo hilo la Advanced kuna kichupo cha Effective Access, ambapo unaandika jina la mtu na kuonyeshwa anachoweza kufanya. Kinasaidia, ila kwa folda iliyo kwenye NAS usikitegemee kuliko jaribio la hatua ya pili.

Hatua ya 6: Kwa waliojitengenezea seva ya Samba

Hapa ruhusa ni zile za Linux: mwenye faili, kundi, na wengine, kila mmoja akiwa na kusoma r, kuandika w na kupita x. Kwa folda, x ndiyo ruhusa ya kupita ndani, na kufuta faili kunategemea w ya folda iliyolibeba, si ya faili lenyewe.

Angalia njia nzima kutoka juu hadi chini kwa amri moja:

namei -l /srv/ofisi/safari/wageni.xlsx

Kila ngazi itaonyeshwa na mwenye nayo. Ngazi moja ikikosa x kwa mtumiaji wako, vilivyo chini yake vyote havifikiki hata kama viko wazi.

Ukikuta mafaili mapya yanaonekana -rwxr--r--, umefika kwenye kosa la kawaida kabisa la Samba. Mpangilio wa awali wa create mask ni 0744, unaompa kuandika mwenye faili tu. Aliyelitengeneza anaandika, mwenzake wa meza ya pili anasoma tu. Kwenye faili la smb.conf panga folda ya pamoja hivi:

[ofisi]
path = /srv/ofisi
valid users = @ofisi
read only = no
force group = ofisi
create mask = 0660
directory mask = 2770

Ile 2 ya mwanzo kwenye 2770 inafanya kila kinachozaliwa ndani ya folda kibaki na kundi la folda hiyo. Mpangilio huu unagusa mafaili mapya; ya zamani yasahihishe kwa mkono:

sudo chgrp -R ofisi /srv/ofisi
sudo find /srv/ofisi -type d -exec chmod 2770 {} +
sudo find /srv/ofisi -type f -exec chmod 660 {} +
testparm
sudo smbcontrol all reload-config

Kumwongeza mtu kwenye kundi ni sudo usermod -aG ofisi na jina lake. Usisahau ile a. Bila hiyo, mtu anaondolewa kwenye makundi yake mengine yote ya ziada na kubaki na hili moja. Akaunti ya Linux peke yake pia haitoshi, mpe nenosiri la Samba kwa sudo smbpasswd -a, na uwaone waliopo kwa sudo pdbedit -L.

Ukikuta mafaili yanaonyesha namba kama 1003 badala ya jina la mwenyewe, diski hiyo ilitoka kwenye seva nyingine. Linux inahifadhi namba, si jina, na kwenye seva mpya namba hiyo haina mtu.

Sasa kuhusu chmod 777. Utashauriwa, na itaonekana imefanya kazi. Umewapa watu wote kila kitu. Laptopu moja ikiingia kirusi kinachofunga mafaili kwa kudai pesa, kitayafunga yote ambayo mwenye laptopu anaweza kuyaandika, na hapo ni yote. Na kwenye Synology usitumie chmod kupitia SSH (njia ya kuiandikia NAS amri kutoka kompyuta nyingine) kwenye folda zinazotumia ruhusa za mtindo wa Windows, unaweza kuzifuta zote kwa amri moja. Tumia ukurasa wake wa usimamizi.

Hatua ya 7: Mageti yote yako wazi na bado linakataa

Ofisi moja ya kahawa kule Moshi, umeme ulikatika mara tatu katika mchana mmoja. Uliporudi, kila mtu aliweza kusoma na hakuna aliyeweza kuandika, hata msimamizi. Wote kukataliwa kuandika kwa wakati mmoja ni dalili ya diski, si ya ruhusa. Linux ikigundua hitilafu kwenye mfumo wa mafaili inaweza kuugeuza kuwa wa kusoma tu ili usiharibike zaidi. Angalia sudo dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa mfumo wenyewe, au taarifa za afya ya diski kwenye ukurasa wa NAS. Ukikuta makosa ya diski, nakili kwanza data kwenda mahali pengine, ukarabati baadaye. Kuiwasha na kuizima NAS mara kwa mara kwa matumaini kunaweza kummaliza mgonjwa. Na nunueni UPS yenye waya wa kuiambia NAS izime salama kabla betri haijaisha.

Diski ya USB iliyochomekwa kwenye rauta inafanana na hilo: ikichomolewa kwenye Windows bila kufungwa vizuri, upande wa pili inaweza kukubali kusomwa tu. Irudishe kwenye Windows, iache ikaguliwe, ichomoe kwa utaratibu.

Urefu wa jina nao hujifanya ruhusa. Programu nyingi za Windows zinakwama njia ya faili ikizidi herufi 260, na folda ndani ya folda ndani ya folda zenye majina kama "Wageni wa Julai kundi la pili marekebisho ya mwisho kabisa" hufika huko upesi. Fupisha jina la folda moja ya katikati ujaribu tena.

Hatua ya 8: Panga upya ili lisirudi

Acha kumpa mtu mmoja mmoja ruhusa. Tengeneza makundi kwa kazi: Safari, Uhasibu, Uongozi, Madereva. Ruhusa zipewe makundi, watu waingie na kutoka kwenye makundi. Mtu akiacha kazi, funga akaunti yake siku hiyo hiyo, kisha pita kwenye kompyuta alizotumia ufute kumbukumbu za jina lake kama nilivyoonyesha hatua ya 3. Folda za siri usizifiche ndani ya folda za wazi. Mishahara iwe folda kuu inayojitegemea, ili hata mtu akikosea kurithisha ruhusa isiguswe.

Kwa ofisi za utalii nasisitiza nakala za pasipoti. Tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na aliyebeba taarifa za mgeni anawajibika kuzilinda. Dereva anahitaji kuona jina la mgeni, hoteli na saa ya kumchukua. Nakala ya pasipoti haimhusu, kwa hiyo iwe kwenye folda ambayo kundi la Madereva halikupewa.

Ukimaliza, usipime kwa akaunti ya msimamizi, maana kwa msimamizi karibu kila kitu hufunguka na hujapima chochote. Mwite mwenye tatizo akae kwenye kiti chake, aingie kwa jina lake, afungue faili lake, aongeze mstari, ahifadhi, afunge, alifungue tena. Kisha mwite mmoja ambaye hatakiwi kuingia, naye ajaribu mbele yako, na ukataliwaji wake uuone kwa macho. Wote wawili wakipata wanachostahili, futa jaribu.txt zote ulizoziacha njiani, na zile picha za ruhusa ziweke kwenye folda ya msimamizi zikiwa na tarehe.